Ndevu Zilizokuwa Zinarudi Ndani

Hakuna kitu cha dunia hii kilichoweza kunishangaza. Nilikuwa ninasema hivyo mbele ya watu, na nilikuwa ninaamini. Miye nimebeba mifuko ya unga kwenye bandari ya Kalemie, huku Kongo, nikiwa bado mutoto, kwa sababu baba alikosa minerval, pesa ya masomo, na mwalimu akanirudisha nyumbani darasa la tatu. Nimelala juu ya chumvi, nimelala juu ya simenti. Nimevuka ziwa boti imejaa maji mpaka magoti, nikayatoa kwa sufuria huku ninaimba. Vita ya kwanza ilinikuta, nikapona. Ya pili ilinikuta, nikapona na nikanunua boti. Leo nina boti mbili, depo ya samaki ndagala, na nyumba ya tofali za kuchoma kule Kataki, na vyote nimevipata kwa mabega haya, sina mujomba minista. Sasa muntu kama huyo ashangazwe na nini?

Nilishangazwa na ndevu zangu mwenyewe.

Ninaandika kwa sababu ninawaona. Sokoni, bandarini, kwenye kilio, ninawaona wanaume wamefunga kitambaa shingoni na jua linawaka. Ninajua kuna nini chini ya kitambaa. Nilikifunga kabla yenu.

Ilianza kama vipele vya wembe, vile ambavyo kila mwanaume anavyo. Juma, kinyozi wangu wa pale karibu na soko, alisema ni joto. Nilinyoa, vikaongezeka. Niliacha kunyoa, vikaongezeka tena. Halafu vikaanza kutoa usaha, halafu vikaungana, vikawa vivimbe vigumu kama mbegu za maembe chini ya ngozi, kutoka sikio mpaka sikio, na kikubwa kuliko vyote chini ya taya la kushoto. Nilipaka limau. Nilipaka poda ya kapsuli. Nilipaka mawese na kitunguu saumu mpaka Juma akaniambia, "Papa Sakina, ukikaa hapa wateja wangu wanasikia njaa."

Kola za mashati yangu zote zilikuwa na madoa. Nilikuwa ninalala juu ya taulo, na asubuhi ninaibandua polepole, maana imeshikana na ngozi. Harufu yake ninaijua mpaka leo. Bibi yangu, yaani muke wangu Mama Sakina, alinunua beseni nyingine ya kufulia mashati yangu tu. Mutoto wetu mudogo aliacha kunipanda mabegani. Hilo liliniuma kuliko vivimbe.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa shingo. Ilianza kukauka. Nikitaka kuangalia upande, ninageuza mwili muzima, na vijana wa bandari wakasema, "Tazama Papa Sakina, anageuka kama kabati." Ninajua kucheka, nilicheka nao. Halafu siku moja ninaingiza boti kwenye mudomo wa muto Lukuga, mimi mwenyewe njo ninashika usukani, na upande wa kushoto kuna mutumbwi wa watu wanne, na sikuuona. Walipiga kelele wote, nikazima motere, tukapitana karibu kama mukono. Nahodha asiyeweza kugeuza shingo siyo nahodha. Na miye nisipokuwa ziwani, nyumba yangu inakula nini?

Yaya Shabani, mukubwa wangu tumbo moja, alikuwa na jibu lake. "Umerogwa. Unajisifu sana, watu wamechoka." Alitaka tuende kwa muntu fulani kule ng'ambo ya mulima. Mama Sakina alisema twende lopitali. Nilimusikiliza bibi.

Ulikuwa ule wakati vita ilikuwa imeshika barabara ya Nyunzu na ya Bendera. Deplase, watu waliokimbia vijiji vyao, walikuwa wanaingia kila siku na magodoro kichwani, wanajenga vibanda vya majani pembeni ya muji. Lopitali ilikuwa imejaa mpaka barazani. Nilikaa kwenye benchi katikati ya watu waliokatwa na panga, watu waliochomwa na mushale, na miye ninashika kitambaa changu. Mama mumoja pembeni yangu alikuwa na mukono umefungwa na kitambaa cha kikwembe, damu imekauka juu yake. Aliniangalia muda murefu.

"Papa, weye ulipigwa na nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Na ndevu, mama."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ule mukono wake na kulia kwa maumivu, halafu akacheka tena. "Ndevu! Jamani, na sisi tunakimbia watu!" Binti yake aliniambia tangu watoke kijijini hakuwa amecheka. Kwa hiyo siku ile, hata kabla ya munganga kuniona, nilikuwa nimeshatibu muntu.

Munganga alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alibonyeza, akaangalia na tochi. Aliniambia nywele zangu zinajikunja, zikikatwa zinarudi ndani ya ngozi kama mwiba, na ngozi inapigana nazo. Hayo yanatosha, mengine ya kiganga siyajui na sitayaandika. Dawa yake aliisema wazi: ndevu zenyewe ziondoke. Kule Dar es Salaam kuna mashine ya mwanga inayochoma muzizi.

"Zikichomwa zitaota tena?"

"Ndiyo maana ya kuzichoma, Papa. Hazitaota. Na ukikawia, kile cha kushoto kitahitaji kisu, na kisu mahali pale kinaweza kuleta kivimbe kikubwa zaidi."

Nyumbani Yaya Shabani alikataa kabisa. Sisi ni watu wa ziwa, babu zetu walikuja na biashara na Kurani, na kila mwanaume kwenye picha za ukoo ana ndevu. "Muntu mukubwa anaenda kulipa pesa ili afanane na mwanamuke! Ukifa tutakuosha tukisema huyu ni nani?"

Mama Sakina alikuwa anapepeta unga. Hakuinua hata kichwa. "Shemeji, miye niliolewa na kichwa. Ndevu zilikuwa juu yake tu."

Basi nikavuka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo nilifanya kosa ambalo ninyi musilifanye. Kwetu muntu haendi kwa watu na uchafu. Bibi harusi anatolewa nywele zote za mwili kwa majivu, na mwenye kwenda safari kubwa pia anasafishwa. Nilifika Kigoma kwa Shangazi yangu, dada ya baba, akaona zile ndevu zilizoota katikati ya vidonda kama majani kwenye mawe. "Utaenda kwa daktari wa Dar hivi? Atasema kwenu hakuna mama." Akanikalisha kwenye kigoda, akachukua majivu ya jikoni yaliyochekechwa, akayapaka, na kwa vidole viwili akaanza kunyonyoa. Unywele mumoja mumoja. Machozi yalitoka, lakini nilijikaza, miye siyo muntu wa kulia kwa unywele. Alipomaliza nilikuwa laini kama sabuni. Nikapanda treni nikijiona kama bibi harusi.

Ile kliniki ilikuwa ghorofani, baridi kama ndani ya depo ya samaki wa barafu, na viti vyote vimekaliwa na wanawake. Mwanaume nilikuwa miye peke yangu. Walivuta mikoba yao kidogo. Nilikaa mwisho karibu na mulango, nikafanya kama ninangoja muke wangu.

Mwanamuke wa pembeni, mwalimu wa Tabora, Mwalimu Rehema, alikuwa amejifunga mtandio mpaka kwenye midomo. Aliniuliza, "Na wewe umekuja kwa ajili ya mwanga?"

"Ya ndevu," nikasema.

Akashusha mtandio. Chini ya kidevu alikuwa na ndevu zilizonyolewa, na vipele vile vile, ndugu wa vile vyangu. "Nanyoa kila siku kabla wanafunzi hawajafika," akasema. "Nilidhani Mungu ananiadhibu peke yangu."

"Pole, Mwalimu. Angalau miye ni mwanaume."

"Ndiyo! Wewe zikikutoka wanakuita mzee. Mimi zikinitoka wananiita mchawi."

Kutoka hapo hatukunyamaza mpaka jina langu likaitwa.

Infirmiye, wenyewe wanasema nesi, alinilaza, akawasha taa, akapitisha kidole shingoni. Akasimama. "Baba, umenyoa na nini?"

"Sikunyoa. Nimenyonyolewa vizuri, na majivu. Hakuna hata mumoja umebaki."

"Mungu wangu." Akavua miwani. "Mashine inafuata unywele mpaka kwenye mzizi. Mzizi umeung'oa. Sasa ifuate nini?"

"Ifuate shimo."

"Haifuati shimo, baba yangu. Rudi baada ya wiki sita. Nyoa kwa wembe tu, usinyonyoe."

"Mama, miye nimevuka ziwa."

"Nimekusikia. Hata ungevuka bahari, nywele zingeota kwa muda wake."

Nilirudi Kalemie vile vile nilivyotoka, na Shangazi pale Kigoma hakutaka kuamini. Alisema daktari gani anataka muntu mwenye nywele. Yaya Shabani alipiga vigelegele kama mwanamuke. Ninawaambia ninyi: musinyonyoe, wala kwa majivu wala kwa kibano, hata kama shangazi yenu analia. Na tena muulize kama ile mashine ni ya ngozi nyeusi, maana kuna zingine zinachoma ngozi yetu ikabaki na mabaka.

Mwanga wa kwanza niliupata mwanzo wa mvua. Wanakuvalisha miwani mizito, wanapaka kitu cha baridi kama utelezi wa samaki, halafu, pa! Ni kama muntu anavuta raba na kuiachia juu ya ngozi, raba ya moto. Pa, pa, pa. Na harufu. Mumeshachoma manyoya ya kuku? Njo hiyo, lakini kuku ni weye. Niliuma meno. Nesi akasema, "Baba, pumua." Nikasema ninapumua. Akasema, "Hupumui."

Nilirudi shingo imevimba na nyekundu. Siku zikapita, nikafikiri nimeibiwa. Halafu asubuhi moja ninanawa, na ndevu zinatoka zenyewe kwenye sabuni, nyeusi kama pilipili manga. Nikamuita Mama Sakina, tukaziangalia kwenye beseni wawili, kama watu waliookota almasi.

Mwanga wa pili ulikuwa wakati wa maembe. Ndevu ziliota kama visiwa: hapa kichaka, pale uwanja. Juma alisema hajui anyoe nini. Mwanga wa tatu ulikuwa mvua kubwa, treni ilikwama na maji njiani, tukala mahindi ya kuchoma mpaka tukachoka kuyaona. Usaha ulikuwa umekauka. Vivimbe vidogo vilianza kulala. Nilianza kulala bila taulo.

Lakini roho haikulala. Kila nikienda, ninaacha watu saba nyumbani na vita inazunguka muji kama mbwa anazunguka jikoni. Kila nikiwa Dar ninafikiri Kalemie, na nikiwa Kalemie ninahesabu wiki za kurudi Dar. Sikuweza kukaa. Ninaanza chai, ninaiacha. Mama Sakina alisema ugonjwa umetoka shingoni umeingia miguuni.

Na uso wenyewe ukaniletea matata. Nilishuka bandarini kwetu baada ya mwanga wa nne, kijana wa kukagua karte akaangalia picha yangu, akaniangalia, akaangalia tena picha.

"Huyu ni muzee mwenye ndevu. Weye ni nani yake?"

"Njo miye huyo."

"Weye ni mutoto wake. Umechukua karte ya baba yako. Kaa pembeni."

Nyakati zile kukaa pembeni haikuwa kitu cha kuchezea. Watu walikuwa wanatafuta wapiganaji ndani ya kila mugeni. Nilieleza mwanga, nilieleza muzizi, na kila nikieleza ninaonekana muongo zaidi. Nyuma yangu kwenye mustari alikuwa mama mumoja muuza ndagala, anataka kupita. Akasema kwa sauti:

"Ee jemadari, huyu tunamujua, lakini siyo kwa uso. Papa Sakina, hebu jisifu kidogo akusikie."

"Mama, siyo wakati."

"Jisifu, tunachelewa! Ulinunua boti ya kwanza na pesa gani?"

"Ya mabega yangu," nikasema, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nikaenda mpaka kwenye tofali za kuchoma. Mustari wote ulikuwa unanimalizia maneno, na waliposema kwa pamoja "sina mujomba minista," kijana akarudisha karte. "Pita, Papa. Pita, tafazali, unyamaze."

Hicho njo kilikuwa kicheko changu cha mwisho cha mwaka ule.

Mwanga wa tano ulifika katikati ya kiangazi, na risasi zilianza kusikika upande wa bara. Kivimbe cha kushoto kilikuwa kimebaki nusu. Nesi alikuwa amenieleza: ukivunja zile wiki za kati ya mwanga na mwanga, nywele zilizolala zinaamka zote. Zilikuwa zimebaki safari mbili.

Mama Sakina alikaa mulangoni, juu ya begi yangu. "Papa Sakina, shingo inaweza kungoja."

"Imeshangoja. Nikiikosa hii ninaanza upya, na sina pesa ya kuanza upya. Nisipogeuka sishiki usukani. Mutakula nini?"

"Na wakiingia ukiwa kule, tutakula nini?"

"Hawataingia. Kuna askari."

 Nilimupa bahasha ya pesa ya mwanga wa sita, kwa sababu sisi hatupiti kwenye bariere za askari na pesa ya safari mbili. "Hii ni ya mwisho. Usiiguse hata kama nyumba inaungua."

"Na kama inaungua kweli?"

"Ondoka juu ya begi, Mama Sakina."

Aliondoka. Hakunisindikiza bandarini.

Kule Dar nilikuwa ninapiga telefone kila dakika. Siku ya kwanza aliitika: watu wa Kataki wanafunga mizigo. Siku ya pili rezo ilikatika. Sauti ya yule mwanamuke wa mashine, anayesema namba haipatikani, niliizoea mpaka nikamuchukia kama jirani. Asubuhi ya mwanga nilikuwa kliniki kabla ya mulango kufunguliwa, na mbele yangu wanawake tisa. Nilikaa, nikasimama. Nilienda dirishani, nikarudi. Nilijipangusa jasho kwenye ile baridi yao.

Mwalimu Rehema, naye alikuwa mwanga wake wa tano, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia: nyumbani, vita, telefone, na treni inaondoka leo. Alisimama pale, bila mtandio, kidevu kiko wazi, safi. "Mabibi, huyu baba watoto wake wako kwenye risasi na treni yake ni ya leo. Nani anamkatalia zamu?" Hakuna aliyekataa. Mumoja ambaye hakuwahi kunisalimia alinisukuma na mukono mugongoni. Niliingia wa kwanza. Pa, pa, pa, na sikusikia kitu.

Sitaeleza ile treni. Uso ulikuwa unawaka, dirisha lilikuwa linaingiza vumbi, na kila stesheni nilisimama kama ni yangu.

Kigoma nilienda mbio kwa Shangazi niombe boti ya kunivusha. Uani palikuwa na kikwembe kimeanikwa kwenye kamba, cha buluu na ndege weupe. Nilikuwa ninakijua. Nilikinunua miye. Nilisimama ninakiangalia kama mujinga, na nyuma yangu, upande wa kushoto, nikasikia, "Papa!"

Nikageuka. Shingo peke yake, mabega yamebaki mbele. Sikufahamu hilo mpaka baadaye. Wakati ule niliona tu watoto wangu watano wamekaa kwenye mukeka, na mama yangu muzee, na wengine watatu wadogo ambao hawakuwa wangu.

Mama Sakina alitoka jikoni na mwiko. Hatukusalimiana. "Boti zako zote mbili zilikuwa Moba," akasema. "Watu walikuwa wanapigania nafasi. Bei ilipanda mara tatu tukiwa tumesimama pale pale."

"Hawa watatu?"

"Wa jirani. Mama yao alinisukumia."

"Ulilipa na nini?"

"Na shingo yako, Papa Sakina. Yote. Ninajua ulisema."

Ninajua kusema sana, wote munajua. Siku ile nilichukua mwiko mukononi mwake nikaenda kusonga ugali.

Vita haikuingia mujini. Ilisimama bara, halafu ikarudi nyuma, na Yaya Shabani, aliyebaki kulinda depo, alitupokea bandarini na kicheko kwamba tulikimbia moshi wa watu wanaochoma makaa. Mama wa wale watatu alikuwa pale pia, na yeye hakucheka.

Mwanga wa sita sikuupata tena. Chini ya taya la kushoto kimebaki kijishamba cha ndevu, kama kucha ya kidole gumba, na kivimbe chake kidogo. Juma anakipunguza kwa mashine bila kugusa ngozi, na kimetulia. Mahali pengine pote ni pasafi, na ninashika usukani, ninaangalia kushoto na kulia kama ndege.

Mukinikuta sokoni munauliza bei, na ninajua munataka ndogo. Yaya anasema pesa ya kuvusha watoto isiingizwe kwenye ugonjwa. Miye ninaiingiza. Mianga mitano, safari sita pamoja na ile ya bure ya majivu, na boti ya watu kumi kutoka Kalemie mpaka Kigoma: dola elfu mbili mia nane thelathini na saba.